Seneta wa Busia na Mambo ya Kodi

Mtu atokaye katikati ya mji wa Kisumu kwa miguu, akaivuka barabara ya Ring Road kuelekea upande wa ziwa, huingia Nyalenda. Mtaa huu umegawanywa sehemu mbili, Nyalenda A na Nyalenda B, wala mgawanyo huo si wa jina tu, kwa maana A imo katika jimbo la uchaguzi la Kisumu Mashariki na B imo katika Kisumu ya Kati, hata majirani wawili wanaosalimiana kila asubuhi huweza kuwa na Wabunge wawili. Kazi za wenyeji wengi ni za mikono na za biashara ndogo: kuuza omena na samaki wa kukaanga, mboga na makaa, kushona nguo, kuchomelea vyuma, na kuendesha pikipiki za kupakia abiria, ambazo wenyewe huziita bodaboda. Wachache ndio wenye mshahara wa mwezi unaokatwa kodi kabla haujafika mkononi.

Kwa sababu hiyo wako wasemao kwamba mambo ya kodi ni ya wenye ofisi, wala hayamhusu mtu wa Nyalenda. Maneno hayo hayana msingi. Mwendesha pikipiki hulipa kodi kila atiapo lita moja ya petroli. Atumaye fedha kwa simu hulipa ushuru ndani ya ada ya kampuni. Anunuaye sabuni au sukari hulipa, na mtoto aliyetumwa dukani na shilingi ishirini naye hulipa. Kodi za namna hii hazina karani wa kuzidai wala kitabu cha risiti, na kwa hiyo mlipaji wake hajijui kuwa ni mlipaji. Ushuru aujuao ni ule wa soko, ambao mkusanyaji wa kaunti huja kuudai uso kwa uso.

Katika watunga sheria wa Kenya wa miaka hii, mmoja aliyeyashika mambo ya kodi kwa nguvu, hata asitosheke kuyasema barazani bali akayapeleka mbele ya majaji, ni Bwana Okiya Omtatah Okoiti, aliyechaguliwa kuwa Seneta wa Busia katika uchaguzi wa Agosti 2022. Busia si Kisumu, lakini wavuvi wa Port Victoria na wavuvi wa Dunga hutupa nyavu zao katika ziwa moja. Tena sheria ya kodi haijui mpaka wa kaunti: lililoamuliwa katika kesi ya mtu wa Busia limekata au limeongeza fedha katika mfuko wa mtu wa Nyalenda vile vile.

Bwana Omtatah si mwanasheria. Kabla hajaingia Seneti alijulikana kwa kesi zake na kwa tamthilia zake, na mara nyingi huko mahakamani husimama mwenyewe bila wakili. Wasomaji wa pande za ziwa huenda wakaikumbuka tamthilia yake *Lwanda Magere*, iliyotolewa mwaka 1991, juu ya yule shujaa wa Wajaluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na nguvu zake zilikuwa kivulini, hata adui walipoijua siri wakauacha mwili wakakichoma kivuli. Labda si ajabu kwamba mtu aliyeishi na hadithi hiyo, apewapo hesabu za Serikali, huanza kuangalia pale ambapo wengine hawaangalii.

Sheria ya Fedha ya 2023

Shauri kubwa kuliko yote aliyoyaleta tangu awe Seneta ni la Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, iliyotiwa sahihi na Rais William Ruto tarehe 26 Juni mwaka ule. Yafaa kueleza mambo yaliyokuwamo. Kodi ya ongezeko la thamani juu ya petroli na dizeli ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Kila mwenye mshahara alitakiwa kukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri wake kuongeza kiasi hicho hicho. Wenye mishahara mikubwa sana, kupita shilingi 500,000 kwa mwezi, waliwekewa viwango vipya vya asilimia 32.5 na 35. Na kodi ya mauzo ya biashara ndogo ilipandishwa kutoka asilimia 1 hadi 3 kwa wale ambao mauzo yao ya mwaka ni kati ya shilingi 1,000,000 na 25,000,000.

Hili la mwisho halikuzungumzwa sana, nalo ndilo lililoingia Nyalenda kwa mlango wa mbele. Shilingi milioni moja ni fedha nyingi zikitajwa kwa mkupuo. Lakini duka linalouza vitu vya shilingi 3,000 kwa siku, na maduka ya namna hiyo si machache mitaani, huwa limeuza shilingi 1,095,000 mwaka ukiisha, ikiwa halikufungwa hata siku moja. Kwa kiwango cha zamani mwenye duka hilo angedaiwa shilingi 10,950. Kwa kiwango kipya angedaiwa 32,850. Tena kodi hii hutozwa juu ya mauzo, si juu ya faida. Mwenye duka akiuza gunia la sukari kwa faida ndogo, au akiuza mkate uliokaribia kuharibika kwa hasara, Serikali huhesabu fedha zilizoingia wala haiulizi kilichobaki.

Bwana Omtatah na wenzake walikwenda Mahakama Kuu mapema, na tarehe 30 Juni 2023, siku moja kabla sheria haijaanza kutumika, Jaji Mugure Thande akaisimamisha kwa muda. Mwezi wa Julai ukiwa karibu kwisha, Mahakama ya Rufaa ikaiondoa amri hiyo, na kodi zikaanza kukusanywa huku kesi ikiendelea.

Hoja zake zilikuwa nyingi, nyingine nyembamba mno kwa mtu asiyezoea lugha ya mahakama, lakini za kushika ni hizi. Alisema kwamba Katiba ya 2010 hairuhusu kodi yoyote kutozwa ila kwa sheria iliyopitishwa kwa njia iliyo sawa, na kwamba njia hiyo ni pamoja na kuwasikiliza wananchi kwa kweli, si kuwapa nafasi ya kusema na kisha kuongeza vifungu ambavyo hawakuvisoma. Alisema nyumba ni kazi ya kaunti katika Ratiba ya Nne ya Katiba, na kwa hiyo Serikali Kuu haina haki ya kuwatoza watu kwa kazi hiyo bila kaunti kushirikishwa. Alisema vile vile kwamba Seneti ilirukwa. Na alilalamika kwamba Mswada wa Fedha, ambao kwa sheria wapaswa kuwa wa fedha tu, ulifanywa kuwa kikapu cha kutilia mambo mengine.

Katika hukumu ya tarehe 28 Novemba 2023 majaji watatu, David Majanja, Christine Meoli na Lawrence Mugambi, walimkubalia baadhi na kumkatalia mengine. Seneti, walisema, haikuwa na lazima kuhusishwa katika mswada wa fedha. Lakini vifungu vilivyogusa sheria ya barabara na sheria ya mali zisizodaiwa havikuwa na nafasi katika mswada huo. Na makato ya nyumba yalikuwa na ubaguzi ndani yake, kwa sababu yaliwatoza wenye mishahara na kuwaacha wengine bila sababu iliyoelezwa.

Hapo ndipo jambo lilipogeuka kwa namna ambayo yafaa watu wa Nyalenda waiangalie vizuri. Serikali haikuyaacha makato hayo. Ilirudi Bungeni, ikatunga Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa sahihi mwezi Machi 2024, na ili kuuondoa ubaguzi uliotajwa na majaji ikayapanua makato ya asilimia 1.5 yawafikie hata wasio na mshahara. Seneta alikuwa ameshinda, na ushindi wake ukawa njia ambayo kwayo makato yaliwafikia mafundi na wachuuzi. Hakuyataka hayo, wala hapana awezaye kusema kwamba alikosea kushitaki. Lakini ndivyo yalivyokwenda, na mtu apendaye kushabikia kesi bila kusoma hukumu mpaka mwisho huweza kupigia makofi jambo litakalomgharimu mwenyewe.

Kesi yenyewe iliendelea kupanda. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ilisema Sheria yote ya Fedha ya 2023 ni batili, kwa kuwa utaratibu wa hesabu za mapato haukufuatwa kama Katiba inavyoagiza, na kwa kuwa vifungu kadhaa viliongezwa baada ya wananchi kwisha kutoa maoni yao. Furaha haikudumu. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 29 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo, ikasema Bunge haliwajibiki kuwarudia wananchi kila mara linapobadili mswada ambao wamekwisha kuuzungumza. Kwa hiyo asilimia 16 ya petroli ilibaki, na asilimia 3 ya mauzo ilibaki.

Zinavyotumika

Wengi humdhania Seneta huyu kuwa ni adui wa kodi. Hoja zake zikifuatwa kwa utulivu huonekana kwamba shabaha yake ni nyingine: haki ya kudai kodi hufuatana na wajibu wa kuitunza, na Serikali isiyoweza kuonyesha ilikokwenda shilingi ya jana haina uso wa kudai ya leo. Mfano mmoja ni wa Wabunge wenyewe. Mwaka 2019 walijiongezea marupurupu ya nyumba ya shilingi 250,000 kwa mwezi kila mmoja. Bwana Omtatah, ambaye wakati ule hakuwa na kiti Bungeni, alikuwa miongoni mwa walioshitaki, pamoja na Tume ya Mishahara, na mwezi Desemba 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba fedha zile zilitolewa kinyume cha sheria na zirudishwe. Kwa Wabunge na Maseneta 416, kiasi hicho kilikuwa shilingi milioni 104 kila mwezi. Mtu auzaye omena kwa gorogoro na afanye hesabu yake mwenyewe, ni gorogoro ngapi.

Mfano wa pili ni reli, na Kisumu ina sababu ya kuusikiliza kuliko miji mingine. Reli ya kwanza ilifika hapa mwezi Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, na reli ndiyo iliyoufanya mji. Ilipoanzishwa habari ya reli mpya ya kisasa, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, Serikali iliweka mwaka 2013 ushuru wa maendeleo ya reli juu ya bidhaa zitokazo nchi za nje. Treni ya Mombasa na Nairobi ilianza mwaka 2017. Njia ikaongezwa mpaka Naivasha mwaka 2019, ikakoma huko. Kufikia mwisho wa 2024 haikuwa imefika ziwani. Kumbe mtu wa Nyalenda aliyenunua simu, au nguo, au kipuri cha pikipiki kilichotoka ng'ambo, amekuwa akiichangia kwa zaidi ya miaka kumi treni ambayo hajaisikia ikipiga honi.

Bwana Omtatah na Chama cha Wanasheria walilishitaki jambo la reli tangu 2014, wakisema mkandarasi alipatikana bila zabuni ya ushindani. Mahakama ya Rufaa iliwakubalia mwezi Juni 2020, wakati reli ilipokuwa imekwisha kujengwa na kutumiwa. Na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kinyume, kwa kuwa manunuzi yalitokana na mapatano ya serikali kwa serikali. Miaka tisa ilipita tangu karatasi ya kwanza mpaka ya mwisho. Huo ni udhaifu wa njia aliyoichagua Seneta, na wampendao hawapendi kuutaja: mahakama huweza kusema neno la haki, lakini husema pole pole, na mkopo haungoji.

Juu ya mikopo ndipo maneno yake yalipo makali zaidi. Kufikia Juni 2024 deni la Taifa lilikuwa limepita shilingi trilioni 10. Bwana Omtatah amekuwa akidai kwamba sehemu kubwa ya deni hilo ilichukuliwa bila kufuata sheria, na kwamba raia hawapaswi kulipa ambacho hakikuthibitika kuwafikia. Hili ni dai zito, na Hazina haikulikubali. Lakini hata asiyemwamini Seneta hawezi kukana mwendo wenyewe wa madeni. Mwaka 2014 Serikali ilikopa dola bilioni 2 katika masoko ya nje, zilipwe baada ya miaka kumi. Miaka kumi ilipokaribia, mwezi Februari 2024, ilikopa dola bilioni 1.5 nyingine kwa riba iliyokaribia asilimia 10 ili kulipa ule wa kwanza. Mwanamke wa sokoni akopaye kwa jirani ili amlipe mwenye kibanda anaujua mwendo huo vizuri, na anajua jirani wa pili huwa ghali kuliko wa kwanza.

Mswada wa 2024

Mwezi Mei 2024 ulikuja mswada mwingine, uliokusudiwa kuongeza shilingi bilioni 346 katika mapato. Ndani yake mkate ungetozwa kodi ya asilimia 16, mafuta ya kupikia yangewekewa ushuru mpya, ushuru wa kutuma fedha kwa simu ungepanda kutoka asilimia 15 hadi 20, na kila gari lingelipiwa asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Mafuta ya kupikia ndiyo yaliyotajwa sana na wakaangaji, kwa kuwa samaki wa sokoni hukaangwa katika mafuta mengi, na bei ya samaki hupangwa na mnunuzi kuliko muuzaji.

Tarehe 18 Juni kamati ya fedha ya Bunge ilitangaza kwamba mengi ya hayo yameondolewa. Watu hawakutulia. Vijana waliokuwa wakiusoma mswada kwa simu zao na kuutafsiri kwa lugha za kwao walikwisha kuingia barabarani katika miji mingi, Kisumu ikiwa mmojawapo. Tarehe 25 Juni Bunge la Taifa liliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyo hiyo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge Nairobi, risasi zikapigwa, na watu wakafa. Kesho yake Rais alisema hatautia sahihi. Bwana Omtatah alikuwa upande wa vijana, lakini yafaa kukumbuka kwamba hakuwa na kura ya kupiga. Mswada wa fedha huanzia na huishia katika Bunge la Taifa. Seneta huweza kuandika, kusema na kushitaki, basi. Walioulizwa kwa haki juu ya kura ile ni Wabunge wa majimbo, wa A na wa B.

Kuanguka kwa mswada huo hakukuwa bure. Kabla yake Bunge lilikwisha kukubali kaunti zote 47 zigawiwe shilingi bilioni 400.1 kwa mwaka 2024/25. Mapato yaliyotarajiwa yalipokosekana, kiasi hicho kilivutwa kwa miezi mingi baina ya Seneti na Bunge la Taifa, mwisho kikawa bilioni 387.4. Tofauti hiyo ni dawa za zahanati, mitaro ya maji ya mvua na mishahara ya wauguzi. Katiba imezilinda kaunti kwa kusema zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato yaliyokaguliwa, na kiasi hicho kilipitwa kwa mbali. Lakini mtu ambaye nyumba yake huingiwa na maji kila masika hali asilimia. Swali hili Seneta hulijibu kwa kusema fedha zipo ila zinavuja. Huenda ikawa kweli. Hata hivyo kuziba tundu huchukua muda, na mvua za Nyalenda hazina subira.

Pwani hii ya ziwa si mara ya kwanza kuzozana na wenye mamlaka juu ya kodi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kodi ya kibanda na ya kichwa ilipandishwa mpaka shilingi 16, wakati mishahara ya vibarua ilipokuwa ikipunguzwa. Tarehe 23 Desemba 1921 watu wengi walikutana Lundha, katika Gem, wakaunda Young Kavirondo Association, ambayo wananchi waliipa jina la Piny Owacho, maana yake nchi imesema. Viongozi wake, akina Jonathan Okwirri, Benjamin Owuor na Simeon Nyende, walikuwa watu waliosoma katika shule za misheni. Walitaka gavana aje awasikilize. Sir Edward Northey alikuja Nyahera, si mbali na Kisumu, mwezi Julai 1922, na kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Mengine waliyoyadai hawakupewa. Mwaka uliofuata Archdeacon Owen wa misheni akakigeuza chama kuwa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, na siasa zake zikapoa. Lakini neno walipa kodi likabaki katika jina lake, ndipo ikaonekana kwamba mtu alipaye amekwisha kupata haki ya kuuliza.

Ng'ambo ya ziwa nako kuna funzo lake. Mwezi Julai 2018 Serikali ya Uganda iliwatoza watu shilingi 200 za huko kila siku kwa kutumia mitandao ya mawasiliano katika simu. Watu wengi walitafuta njia za kuikwepa, na mwaka 2021 ikaondolewa, mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Jina likabadilika, mlipaji akabaki yule yule.

Kenya nayo ilirudi mezani kwa sura nyingine. Mwezi Agosti 2024 Bwana John Mbadi, mwenyeji wa Suba upande wa Homa Bay, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha ODM na mmoja wa wakosoaji wa Hazina Bungeni, aliapishwa kuwa Waziri wa Fedha. Mtu wa ziwa alikabidhiwa funguo za sanduku. Mwezi Desemba mwaka ule sheria mpya za kodi zilirudisha baadhi ya mambo ya mswada ulioanguka, ingawa si mkate wala mafuta ya kupikia. Sheria ya Fedha ya 2025, iliyotiwa sahihi tarehe 26 Juni 2025, ilielekea zaidi kuziba mianya ya ukusanyaji kuliko kupandisha viwango; na kifungu kilichotaka Mamlaka ya Ushuru iweze kuzifungua habari za siri za wafanyabiashara kiliondolewa na Wabunge wenyewe. Wenye kufahamu wanaona kwamba bila kelele za mwaka uliotangulia kifungu kile kingepita bila mtu kukishtukia.

Kwa watu wa Nyalenda watakao kusema neno lao kabla ya sheria badala ya baada yake, utaratibu ni huu. Waziri wa Fedha hupeleka Mswada wa Fedha katika Bunge la Taifa kabla ya mwisho wa mwezi Aprili kila mwaka, nalo Bunge hutakiwa kuumaliza kabla ya mwisho wa Juni. Katika miezi miwili hiyo kamati huita maoni, na barua ya mtu mmoja, hata iliyoandikwa kwa mkono kwa Kiswahili, hupokewa sawa na ya kampuni. Mswada wa Fedha wa Kaunti ya Kisumu huja baadaye, ndani ya siku 90 baada ya Bunge la Kaunti kupitisha matumizi yake, na ndani yake ndimo uandikwapo ushuru wa soko, ada ya leseni ya duka na malipo ya maegesho ya pikipiki. Mikutano yake ya wananchi hufanywa katika wadi. Nyalenda A ina mwakilishi wake na Nyalenda B ina wake.